Tabasamu Lisilokuwa Lake

Kabla sijaingia seminari nilikuwa mpiga picha wa harusi mjini Kigoma. Kwa miaka mitano nilikula, nilivaa na kumsomesha mdogo wangu kwa kamera moja, lenzi mbili na pikipiki ya mkopo. Wenzangu hapa seminarini walipolijua hilo walianza kunitania: "Frateri, wewe umehudhuria ndoa nyingi kuliko paroko." Ni kweli. Lakini kuhudhuria si kuona. Hilo ndilo ninalotaka kulisimulia leo, kwa waseminari wenzangu tunaojiandaa kusimamia ndoa za watu siku moja, Mungu akipenda, na kwa ninyi waamini ambao watoto wenu ndio watakaozifunga.

Anayeijua Kigoma anajua kwamba mji wetu umebanwa kati ya vilima na ziwa. Ukitoka mjini kuelekea Katonga na Bangwe, barabara inapanda na kushuka, na kila ukipanda unaliona Ziwa Tanganyika chini yako, limelala ndani ya bonde la ufa. Maji yale yana kina cha mita 1,470 mahali penye kina kirefu zaidi, lakini kwa juu yametulia kama kitambaa kilichopigwa pasi. Mvua zikishaosha hewa, mwezi wa nne na wa tano, milima ya Kongo ng'ambo inasimama wazi kabisa. Kiangazi kikikolea, moshi wa nyasi zinazochomwa na vumbi jekundu huificha, ukabaki na ziwa lisilo na mwisho.

Sisi watu wa magharibi tuna zawadi nyingine. Saa ni moja kwa nchi nzima, lakini jua letu linachelewa. Dar es Salaam wakiwa wameshawasha taa, kwetu jua bado linaning'inia juu ya Kongo, na huzama karibu saa moja jioni. Saa nzima kabla ya hapo mwanga huwa wa dhahabu, unatoka ubavuni na kulainisha kila uso. Kwa mpiga picha, saa hiyo ni mavuno. Ndiyo maana wachumba na maharusi wengi niliowahudumia niliwapandisha kilimani. Wengine walitaka Ujiji, penye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana mwaka 1871. Wengine walitaka stesheni ya reli, ambayo njia yake ilifika Kigoma mwaka 1914. Lakini waliotaka picha ya kutundika sebuleni walitaka mlima na ziwa.

Kazi ile ina ufundi wake. Gauni jeupe huidanganya kamera: inaliona jeupe sana, inapunguza mwanga, na uso wa bibi harusi unatoka mweusi kama kivuli. Ilinichukua mwaka mzima kujifunza kupima mwanga kwenye shavu na kuliacha gauni lijitunze lenyewe. Nilijifunza kwamba kusi likivuma shela haishikiki, basi usipigane nalo, liache lipepee. Nilijifunza kumwambia matron abebe kandambili, kwa sababu viatu vya visigino na changarawe ya Katonga havipatani. Na nilijifunza kuwahi, maana msafara wenye matarumbeta huchelewa kila mahali, na jua halingoji kamati ya harusi.

Mara nyingi wachumba waliniuliza, "Kwa nini tusifungie ndoa hapa hapa mlimani? Padre si anaweza kuja?" Siku hizo nilikuwa najibu tu, "Kanisa halikubali." Sasa ninajua jibu kamili kidogo. Kanuni ya 1118 ya Sheria za Kanisa inaelekeza ndoa ya Wakatoliki ifungwe katika kanisa la parokia. Inaweza kufungwa katika kanisa au kikanisa kingine kwa ruhusa ya askofu wa mahali au paroko, na askofu anaweza kuruhusu mahali pengine panapofaa. Lengo si kuuchukia mlima. Ndoa ni ya jumuiya nzima, na jumuiya ina mahali pake pa kukutania, mbele ya altare ileile ambako watoto wa ndoa hiyo watabatizwa na siku moja wazee wake wataagwa. Mlima unakuja baadaye, kama nyongeza ya furaha. Shida inaanza pale nyongeza inapokuwa ndiyo harusi yenyewe, na mpiga picha anapokuwa ndiye msimamizi wa ibada. Mimi nilifika huko. Niliwahi kumwomba bwana harusi, mbele ya altare, amvue mkewe pete na kumvisha tena kwa sababu mara ya kwanza flashi yangu haikuwaka. Akamvua, akamvisha. Watu wakacheka, nami sikuona kosa.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe.

Ilikuwa mwezi wa tano, mvua zimekatika, majani yakiwa bado marefu. Wachumba wawili walinikodi kwa picha za kadi za mwaliko na za bango la sendofu. Kijana alikuwa na biashara ya dagaa, akinunua mwaloni Kibirizi na kupeleka bara. Binti alikuwa mwalimu. Alisindikizwa na shangazi yake, kama ilivyo desturi, naye shangazi alijitafutia jiwe la kukalia na kuanza kuchambua mchele wake aliokuja nao kwenye ungo. Nakumbuka ungo ule kuliko vitu vingi vya siku ile.

Kijana alikuwa mchangamfu, akitii kila nilichomwambia. Binti naye alitii, lakini kwa namna nyingine. Nikisema "mwangalie mwenzako," alimwangalia. Nikisema "weka mkono begani," aliuweka, kama mtu anayeweka mkono juu ya meza. Nilimwambia zaidi ya mara kumi, "Dada, cheka kidogo." Alikuwa anavuta midomo, napiga picha, midomo inarudi mahali pake. Nilidhani ni aibu. Wasichana wengi huona aibu mbele ya kamera, hasa shangazi akiwa jirani.

Kisha simu ya kijana ikaita, akasogea pembeni kuongea na wateja wake. Nilikuwa nimebadilisha lenzi, na nikapiga picha moja ili kupima mwanga tu. Binti hakujua. Alikuwa amegeukia ziwa, mkoba ameushika kwa mikono yote miwili kifuani, jua limempiga upande mmoja wa uso. Mwanga ulikuwa mzuri kuliko wa picha zote za siku ile. Nikaridhika na kipimo, kijana akarudi, tukaendelea mpaka jua lilipozama.

Usiku, chumbani kwangu Mwanga, nilizifungua picha kwenye kompyuta. Nilipoifikia ile moja nilisimama. Huyu hakuwa mtu mwenye aibu. Nimewahi kuona uso kama ule kwenye benchi la hospitali, kwa mtu anayesubiri kuitwa ndani kuambiwa majibu. Niliitazama kwa dakika kadhaa. Nakiri kwamba nilielewa. Siwezi kujitetea kwamba sikuelewa.

Halafu nilifanya nini? Niliiweka pembeni, nikachagua picha nyingine arobaini, na katika zile zilizokuwa za kadi nilitumia programu ya kurekebisha sura. Unashika pembe za midomo kwa kipanya, unazivuta juu kidogo, kushoto na kulia. Unapunguza kivuli chini ya macho. Inachukua dakika tatu. Binti akacheka. Nikasema moyoni, mteja atafurahi, nikalala.

Mteja alifurahi kweli. Kadi zikachapishwa, bango likachapishwa, matangazo ya ndoa yakaanza kusomwa kanisani. Jumapili ya kwanza ikapita. Jumapili ya pili ikapita. Jumatatu yake, asubuhi, binti alisimama mlangoni kwa kibanda changu akiwa na kadi mkononi.

"Kaka, shikamoo."

Nilishangaa, maana tulikuwa karibu rika moja. Nikamwitikia na kumkaribisha kiti. Hakukaa. Akaiweka kadi juu ya meza na kunyoosha kidole kwenye uso wake mwenyewe.

"Hili tabasamu si langu. Umelitoa wapi?"

Sikuwa na la kusema. Nikaanza kueleza habari za programu, na kwamba ni kawaida, na kwamba wapiga picha wote hufanya hivyo. Aliniacha nimalize. Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba alikuwa amemweleza mama yake kuwa hataki ndoa ile. Si kwamba kijana ni mbaya. Ni kwamba mahari ilishapokelewa na kuliwa kabla yeye hajaulizwa, na kila alipotaka kusema aliambiwa asimwaibishe baba. Mama alijipa moyo na kumfikishia baba maneno hayo. Baba hakugombana. Alikwenda kabatini, akaleta kadi, akamwonyesha mama na kusema, "Mtu asiyetaka anacheka hivi?" Na mama akanyamaza.

Ndugu msomaji, nimesikia mahubiri mengi kuhusu uongo. Hakuna lililonipiga kama sentensi ile ya mzee ambaye sikuwahi kuonana naye. Mzee wa watu hakudanganya. Aliamini alichokiona, na alichokiona nilikitengeneza mimi, kwa dakika tatu.

"Unayo picha yangu hata moja ambayo hukuigusa?" binti akaniuliza.

Nilikuwa nayo. Sikuwa nimeifuta, na sijui nisingekuwa nayo ningemwambia nini. Nikaifungua. Akaitazama kwa muda mrefu, halafu akasema, "Huyu ndiye mimi." Nikamchapishia. Akataka kulipa, nikakataa, akaweka pesa mezani hata hivyo na kuondoka. Alisema anakwenda kwa paroko.

Jioni ile nami nilikwenda kwa paroko. Sikutumwa na mtu, ila sikuweza kukaa. Nilimkuta amekaa barazani akisali masifu. Nikamsubiri. Nilipomweleza, hakunikaripia. Aliniuliza swali moja tu: "Ulipomwona kwamba hacheki, ulimuuliza kwa nini?"

"Hapana, Baba. Nilimwambia acheke."

"Basi," akasema, "hata sisi tulifanya hivyo hivyo. Wazazi wake walimwambia acheke. Mwalimu wa mafundisho ya ndoa alimwuliza mbele ya mchumba wake kama yuko tayari, akasema ndiyo, akaandika ndiyo. Mimi nilimhoji peke yake kama inavyotakiwa, lakini nilikuwa na watu saba wakisubiri nje, naye alikuwa anautazama mlango. Wewe angalau unayo picha."

Kisha akanifundisha jambo ambalo leo ninalisoma darasani. Ndoa haifanywi na padre, wala mahari, wala kamati. Inafanywa na ridhaa ya wawili, na kanuni ya 1057 inasema wazi kwamba hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuiweka ridhaa hiyo badala yao. Kanuni ya 1103 inasema ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa kutoka nje, ambayo mtu hawezi kuikwepa ila kwa kukubali ndoa, si ndoa. Na hofu haihitaji fimbo. Heshima kwa baba, pale inapomfanya mtoto aone hana njia nyingine, inaweza kuwa hofu ya kutosha. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inadai kila mmoja akubali kwa hiari yake. Nikamuuliza matangazo yanasomwa kwa ajili ya nini basi, kama watu wote wanapiga vigelegele tu. Akanijibu kwamba matangazo ni swali linaloulizwa waamini wote: mnajua nini kuhusu hawa wawili? Kanuni ya 1069 inamlazimu kila mwamini anayejua kizuizi cha ndoa akiseme. "Hicho ulichokiona wewe hakiitwi kizuizi kwa lugha ya sheria," akasema, "lakini nani alikwambia mwanasheria peke yake ndiye anayepaswa kusema?"

Paroko alimwita binti tena, safari hii pamoja na muda wa kutosha na masista wawili aliowaamini. Akawaita wazazi. Jumapili ya tatu tangazo lile halikusomwa. Kanisa zima lililisikia lile pengo.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi, nisingependa mtu afikiri ukweli ni bure. Michango ilikuwa imekusanywa, ukumbi umelipiwa nusu, kitambaa cha sare kimeshagawiwa. Familia mbili zilizokuwa zinaitana ndugu zilikaa miezi bila kusalimiana. Ilijulikana kwamba mpiga picha alikuwa na mkono wake katika jambo lile, na msimu ule wote nilipata kazi mbili tu. Mtu mmoja wa kamati aliniambia usoni kwamba kazi yangu ni kupiga picha, si kuvunja ndoa. Sikumjibu, kwa sababu nilijua kosa langu halikuwa pale anapodhani.

Aliyenifundisha kosa langu lilikuwa wapi ni yule kijana wa dagaa. Nilimwogopa. Kila nilipopita Kibirizi nilizunguka nisikutane naye. Siku moja alinikamata akiwa anapakia magunia, akanishika mkono na kuniketisha juu ya gunia. Alikuwa ananuka jua na samaki. Akasema, "Ulimwona siku ile ile mlimani, si ndiyo? Ungeniambia siku ile, ningeumia nikiwa na mtu mmoja. Umeniacha nikaumia mbele ya kanisa zima." Kisha akanifunulia jambo ambalo sikulitarajia. Alisema hata yeye aliona mkono wa binti begani kwake hauna uzito. Lakini kila aliponitazama mimi, mtu wa tatu, niliyewaona kwa macho ya nje, nilikuwa nasema "safi sana, safi sana." Akaniamini.

Kumbe nilikuwa nimewadanganya wote wawili, na nilianza kabla ya kugusa kompyuta.

Tangu siku ile niliifanya kazi kwa namna nyingine. Nilikataa kurekebisha uso wa mtu. Mwanga ndiyo, rangi ndiyo, uso hapana. Wachumba niliwaomba waache pikipiki chini na kupanda kilima kwa miguu, wao mbele na mimi nyuma, kamera ikiwa ndani ya begi. Mtu anayepanda mlima na mwenzake huonyesha mengi: nani anamngoja nani, nani anabeba maji, wanaongea au wamenyamaza, na kimya chao ni cha namna gani. Juu, kabla ya picha ya kwanza, nilikaa nao dakika kumi. Na neno "cheka" niliacha kulisema. Nilikuwa nangoja. Wengi walicheka wenyewe, na wasiocheka nilipata nafasi ya kuwauliza, kila mmoja peke yake, "Umechoka, au kuna jambo?" Karibu wote walikuwa wamechoka. Michango inachosha. Papa Fransisko katika waraka wa Amoris Laetitia wa mwaka 2016 aliwaonya wachumba kwamba mialiko, mavazi na karamu vinaweza kuwamaliza fedha na nguvu hata wakafika altareni hoi, na mimi nimezipiga picha nyuso hizo. Kanisani nilitafuta nguzo moja nikasimama hapo, na flashi ikikataa kuwaka, basi imekataa. Pete inavishwa mara moja.

Nilipokuja seminarini nilisoma habari za mwambao wetu kwa macho hayo. Mapadre Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, wakati misafara ya biashara ya pembe na ya watumwa bado ilikuwa inapita pale. Nikamfikiria mtu aliyevushwa ziwa lile akiwa amefungwa. Aliambiwa atakwenda wapi, atamfanyia nani kazi, ataishi na nani. Hakuna aliyengoja jibu lake. Vilima ni vilevile, jua linazama palepale. Kanisa linapomwuliza binti wa mwalo wetu, peke yake, mlango ukiwa umefungwa, "Unataka kwa hiari yako?", halitimizi fomu. Linampa kitu ambacho watu wengi waliopita katika ufukwe huo hawakupewa kamwe.

Yule mwalimu alihamia wilaya nyingine. Kila Pasaka shangazi yake, yule wa ungo, ananiletea salamu zake. Shangazi aliniambia mwaka mmoja kwamba siku ile mlimani naye aliona. "Nilikuwa natazama mchele, mwanangu," akasema, "ili nisitazame." Tulikuwa watatu pale juu tuliokuwa na macho.

Waseminari wenzangu, kanuni ya 1036 inadai kwamba anayeomba daraja aandike kwa mkono wake mwenyewe na kutia saini kwamba anapokea daraja hilo kwa hiari yake na kwa uhuru. Mimi karatasi hiyo bado haijanifikia. Nyumbani kwetu, hata hivyo, mama ameshatundika ukutani picha yangu nikiwa na kanzu, na jumuiya wananiita "padre wetu". Nikiwa likizo huwa naitazama picha ile na kuchunguza tabasamu langu. Safari iliyopita mama alinikuta nimesimama mbele yake, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia, "Mama, niulize kama ninataka." Alinitazama, akavuta kigoda, akakaa, akaniuliza. Na kwa mara ya kwanza nilijibu kabla sijatabasamu.